Mtafiti wa chuo: aje kupitia halmashauri au shirika?

Kina mama wanaoanika dagaa Kibirizi, Kigoma, hawaachi kubishana: mradi wa chuo kikuu upi una faida, unaopitia halmashauri au unaoletwa na shirika?

Kwa gharama, shirika linashinda. Mbao na nyavu za vichanja vya kuanikia huja na gari lao, mafunzo bure. Halmashauri ina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu; haina riba, lakini ni mkopo. Utarudisha, dagaa wawepo wasiwepo.

Kudumu ndiko kwenye utata. Ofisa uvuvi akihamishwa, ofisi inabaki. Shirika lina tarehe ya mwisho wa ufadhili, ingawa TACARE, mradi wa uhifadhi na maendeleo ya vijiji wa Taasisi ya Jane Goodall, ulianza hapa Kigoma 1994 na bado unaendelea, kwa hiyo tusiwaweke wote kapu moja.

Matunzo je? Nimeona kichanja, wavu umetoboka katikati, sasa kinaanikiwa kanga. Muulize mtafiti nani atalipia wavu wa pili, kabla hajafungua daftari lake.

Kikundi kichanga kisicho na akiba, shirika litakifaa. Chenye usajili na vitabu safi kibishe hodi halmashauri.