Kabla Hujatuma Hela ya Papi, Hesabu Meno: Mbwa Gani wa Mbegu Ununue Dar na Kwa Mtu wa Aina Gani

Ndani ya wiki mbili nimepokea meseji tatu zinazofanana utadhani kaandika mtu mmoja. Kanunua papi wa German Shepherd, kaambiwa ana wiki nane, keshachanjwa, na kadi kapewa. Siku ya nne papi kaacha kula, siku ya tano anatapika na kuharisha damu, siku ya sita wamemzika nyuma ya nyumba watoto wanalia. Muuzaji akipigiwa anasema "alitoka kwangu mzima" basi, simu inakatwa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwaiyo naandika hapa yote ninayoyajua, maana na mimi yalinikuta.

Yangu ilikuwa hivi. Niliona picha na video kwenye status, papi mweusi na kahawia kakaa kwenye majani, masikio bado yameanguka, nikampenda palepale. Muuzaji yuko Arusha. Laki saba, tuma na ya kutolea, papi anapandishwa basi usiku, asubuhi nampokea stendi ya Magufuli pale Mbezi. Nikatuma. Konda akanishushia boksi la mafuta ya kupikia limetobolewa matundu kwa bisibisi, ndani papi kalowa mkojo, anatetemeka, mdogo wa kuenea kwenye viganja viwili. Nikasema ni uchovu wa safari. Nyumbani nikampa wali na nyama, nikaona analamba mchuzi tu, nyama anaigeuzageuza mdomoni halafu anaitema. Kesho yake nikampeleka kwa dokta wa mifugo. Yule baba akamfungua mdomo, akapitisha kidole kwenye fizi kule nyuma, akaniuliza "mama, wamekwambia ana wiki ngapi huyu?" Nikasema nane. Akaushika mkono wangu, akakiweka kidole changu palepale. Fizi laini kabisa kama ya mtoto mchanga, kuna ncha moja tu inachoma, ndo kwanza inatoboa. Akasema huyu wiki tano zikizidi sana. Tulimwita Jabali. Alikaa kwangu siku sita, mbili za mwisho akiwa na dripu mguuni, kisha parvo, ule ugonjwa wa kirusi wa kutapika na kuharisha damu, ikamchukua.

Sasa nikisoma miongozo ya kununua mbwa naona wanaandika angalia macho yang'ae, pua iwe na unyevu, awe mchangamfu. Jabali alikuwa na vyote hivyo kwenye video. Umri hakuna anayeukagua, tunauamini mdomo wa muuzaji, na umri ndo kitu kinachodanganywa kuliko kingine chochote kwenye biashara hii.

Kwaiyo sikiliza namna ya kukagua. Papi akizaliwa hana jino. Meno ya mbele na chonge yanaanza kutoka kuanzia wiki ya tatu, ya pembeni nyuma ya chonge ndo yanayomalizia, na papi wa wiki nane anatakiwa awe na meno 28 ya utoto. Hesabu yake ni rahisi: mbele sita juu na sita chini, chonge nne, halafu nyuma ya chonge matatu matatu kila upande, juu na chini, ndo 12. Fungua mdomo pole pole, inua mdomo wa juu pembeni kwa kidole gumba, pitisha kidole. Ukikuta matatu yametoka vizuri kila upande, sawa. Ukikuta fizi tupu, hiyo "wiki nane" ni ya kwenye simu. Mbwa wadogo wadogo meno yao yanaweza kuchelewa kidogo, ila kwa German Shepherd, Rottweiler na wenzao sikubali hiyo hadithi. Na muuzaji akikataa usimfungue papi mdomo, beba mkoba wako uondoke.

Kwa nini wanawauza wa wiki tano? Hela. Mpaka wiki ya nne papi anamnyonya mama, gharama yake ndogo. Wiki ya tano mama anaanza kuwakimbia maana meno yanamuumiza, na hapo mapapi nane wanataka kula mara nne kwa siku, wanataka dawa ya minyoo, wanataka chanjo ya kwanza. Hizo wiki tatu, ya tano mpaka ya nane, ndo zinakula faida. Na ndo kipindi parvo ikiingia inaweza kufagia banda zima, kwaiyo anayetaka kukwepa hasara anakusukumia wewe, papi akifa afie kwako.

Halafu kuna hili la chanjo ambalo watu wengi hawaelewi na mimi sikuwa naelewa. Papi anapata kinga ya kwanza kwenye yale maziwa ya siku ya kwanza ya mama. Hiyo kinga inashuka taratibu, na wakati inashuka inaizuia chanjo isifanye kazi ingawa yenyewe haina tena nguvu ya kumlinda. Ndo maana chanjo haichomwi mara moja. Inaanza wiki ya sita mpaka nane, inarudiwa kila baada ya wiki tatu mpaka nne, na ya mwisho isiwe kabla ya wiki 16. Kichaa cha mbwa anachanjwa akifika miezi mitatu hivi. Sasa mtu anakwambia "ana wiki sita kamaliza chanjo zote", kamalizaje? Kadi iangalie vizuri: kila chanjo iwe na stika ya kichupa chenyewe, tarehe, muhuri na sahihi ya dokta. Kadi ya Jabali ilikuwa na tarehe tatu zimeandikwa kwa peni moja, kwa mkono mmoja, stika hakuna hata moja. Na chanjo inakaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8, ile ya kutolewa mfukoni kwenye jua la saa saba ni maji tu.

Haya, tuje kwenye mbegu. Nazipanga kwa nyumba ya kawaida ya Dar, yenye uzio, watoto, na mtu anayetaka mlinzi.

Namba moja ni German Shepherd na sitabishana na mtu. Hata baada ya Jabali nilirudi kwake. Huyu alitengenezwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz kwa ajili ya kazi, kuchunga kondoo, na ile akili ya kuchunga bado anayo, utamwona anazunguka anahakikisha watoto wote wako ndani ya geti. Anajifunza haraka, anabweka kwa sababu, na anajua mgeni aliyekaribishwa na aliyeruka ukuta. Shida yake ni nyonga. Nyonga mbaya inarithiwa, kwaiyo muulize brida, yaani mfugaji anayezalisha mbwa wa mbegu, kama wazazi walipigwa eksirei. Nimewauliza mabrida saba, mmoja tu ndo alinitolea picha. Usitafute mwenye mgongo ulioinama sana nyuma kama anataka kukaa, watu wanaona ni urembo, mimi nataka mgongo ulionyooka. Masikio yasikutishe, mara nyingi yanasimama kati ya miezi mitatu na sita, anayekwambia papi wa wiki nane lazima masikio yawe yamesimama hajui anachouza, au papi si wa wiki nane.

Huyo brida mwenye eksirei ni mama mmoja wa Moshi na ndiye aliyeniuzia Tembo, mbwa nilienaye sa hivi. Nilimpigia mapapi wakiwa na wiki tano, nikamwambia mama hela ninayo mkononi, nitumie namba. Akakataa. Akasema mwanangu, wangu hawaondoki kwa mama yao kabla ya wiki nane, tena uje mwenyewe uwaone, mtoto simpakii kwenye basi. Nilikasirika kidogo kwa kweli. Nilivyofika nikaelewa. Wale mapapi walikuwa wanang'atana sikio, mmoja akizidisha mwenzie analia na kuacha kucheza, yule mchokozi anabaki anashangaa. Hapo ndo papi anajifunza kung'ata kwa kipimo, na binadamu hawezi kumfundisha vizuri kama ndugu zake. Papi aliyetolewa wiki ya tano anakuja kuwang'ata watoto wako kwa sababu hakuna aliyewahi kumlilia.

Namba mbili, Rhodesian Ridgeback. Huyu ni mwenzetu, ametoka kusini mwa Afrika, vigezo vyake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na kile kimstari cha manyoya ya mgongoni yaliyolala kinyume kinatokana na mbwa wa Wakhoikhoi. Manyoya mafupi, joto la Dar halimsumbui sana, mkimya, hana fujo. Ila kuna kitu ukague ukimnunua: bana ngozi ya shingo na mgongo taratibu kwa vidole, ukihisi kama kiuzi kigumu kinachoshuka kuelekea uti wa mgongo, muache, ni kasoro ya kuzaliwa nayo na inahitaji operesheni. Kumpata huku ni kazi, wengi utawafuata Nairobi, na ukifika huko ulizia karatasi za East Africa Kennel Club kisha linganisha jina na namba ya mama na mbwa aliyesimama mbele yako. Kopi ya karatasi ya mbwa ambaye hujamuona isikuvutie.

Namba tatu, Rottweiler. Mzuri, mwaminifu, ila parvo inampenda kupita kiasi, madokta wengi watakwambia. Kwa Rottweiler kosa la umri ndo halisameheki kabisa. Kama huwezi kumkalisha ndani ya uzio mpaka amalize chanjo ya wiki 16, usimchukue.

Namba nne Boerboel wa Afrika Kusini. Dume anaweza kupita kilo 60, na kilo 60 aliyetolewa kwa mama kabla ya kujifunza adabu ya mdomo simtaki nyumbani kwangu. Mchukue kama ulishawahi kufuga mbwa mkubwa na una hela ya kumlisha.

Husky wa Siberia Dar, hapana. French Bulldog, hapana pia, nimetajiwa milioni tatu kwa mbwa mwenye pua fupi hivyo, saa nane mchana anahema kama anapandishwa mlima, na majike wengi wanazaa kwa operesheni. Bei ile ni ya fasheni.

Chotara na mbwa wa kienyeji ni wa bei nafuu na wengine ni wagumu wa magonjwa, mwenye bajeti ndogo achukue, ila na huyo mhesabu meno.

Ukishamleta nyumbani, nitasema machache. Dawa ya minyoo anaanza akiwa na wiki mbili na inarudiwa kila wiki mbili, maana minyoo anazaliwa nayo, anaipata pia kwenye maziwa. Ugali na dagaa peke yake haumkuzi German Shepherd, mifupa inapinda. Na wengine wanakimbilia kummwagia vidonge vya kalsiamu ili awe mkubwa haraka, hiyo nayo inaharibu mifupa ya mbwa wa umbo kubwa. Mpe chakula cha papi wa mbegu kubwa kwa kipimo, mbavu zihisike ukimpapasa. Kupe muangalie kila siku katikati ya vidole na ndani ya masikio, wanaleta homa zinazoua hata mbwa mkubwa.

Lakini narudi kwa wauzaji maana roho yangu haijatulia. Mtu anaweka picha, ukiuliza bei "njoo inboksi". Ukienda inboksi anauliza kwanza uko wapi. Ukisema Masaki laki saba, ukisema Chanika laki nne, papi huyohuyo! Ukiomba kumuona mama, "mama yuko shamba". Ukiomba video ya mama na watoto pamoja, inakuja ya mbwa mwingine kabisa yenye maandishi ya Kirusi pembeni. Wengi sio mabrida, ni madalali, papi hajawahi hata kulala kwao, kachukuliwa asubuhi kwa mtu mpaka jioni kauzwa. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini kila usiku kuna boksi limetobolewa na bisibisi chini ya basi, karibu na injini, na ndani kuna kiumbe hajatoa hata magego. Inaniuma. Na tunaowalipa ni sisi, tunatuma na ya kutolea kwa mtu ambaye hata sura yake hatuijui. Ukishindwa kwenda mwenyewe mtume ndugu, na hela ilipwe baada ya kidole kuingia mdomoni.

Sasa nyie watatu mlioniandikia. Najua mnataka mwingine haraka ili watoto wanyamaze. Subirini. Kirusi cha parvo kinaweza kukaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi, sabuni ya unga hakiijali. Sakafu na vyombo osheni kwanza kwa sabuni, halafu jiki, sehemu moja jiki kwa 30 za maji, iache dakika kumi ndo musuuze. Blanketi na boksi alilokuja nalo chomeni moto. Bustani hamuwezi kuipiga jiki yote, kwaiyo papi mchanga asikanyage hapo. Mkitaka mbwa sasa hivi chukueni wa miezi mitano aliyemaliza chanjo zote, kadi ina stika, na mpigieni dokta mwenye muhuri mumuulize kama anamkumbuka. Atakuwa ameshaanza kubadili meno kwa umri huo, ya mbele yatakuwa makubwa, ya kudumu, na hapo hakuna wa kuwadanganya miezi.