Walimu wanne wa binti yangu: darasa la maigizo la Jumamosi, Dodoma

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza. Shilingi 180,000 kwa wiki nane, kila Jumamosi saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, kwenye ukumbi wa kukodi Area D. Nusu unalipa siku ya kujiandikisha, nusu wiki ya nne. Maji ya kunywa mtoto anakwenda nayo, na feni ni mbili tu, kwa hiyo Desemba kabla mvua haijanyesha mle ndani ni joto kwelikweli.

Binti yangu alimaliza kidato cha nne Novemba. Badala ya kukaa nyumbani akisubiri matokeo aliomba kwenda kujifunza kuigiza. Mimi ni fundi cherehani Majengo, nashona sare za shule na majoho ya kwaya, na jukwaani sijawahi kupanda. Lakini ufundi unavyorithishwa naujua. Mtu akija kibandani kwangu kuomba kazi, simwombi cheti. Namuuliza amekaa kwa fundi gani na kwa muda gani, kisha nampa kitambaa apige pindo. Nikasema walimu wa mwanangu nao nitawauliza hivyohivyo, na kwa kuwa wazazi wanaruhusiwa kukaa nyuma, nilikaa nyuma Jumamosi sita kati ya nane, na kazi zangu za mkono mapajani.

Mlangoni pana bango lenye picha za walimu wanne. Wa juu ana picha kubwa na chini yake imeandikwa shahada ya sanaa za maonyesho, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anafuata dada wa filamu, amepakwa rangi vizuri. Halafu mzee mmoja, "mtaalamu wa sauti". Chini kabisa, picha ndogo kama ya kitambulisho, mama wa makamo, na maneno mawili: msaidizi, ngoma. Bango hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Mtu akilisoma atajua walimu hawa wana sura gani, lakini hatajua wametoka wapi.

Mzee wa sauti nilimpenda siku ya kwanza. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza kazi yake ya zamani, naye akavuta kiti akaeleza. Aliigiza michezo ya redio enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam. Dodoma ameletwa na mwanawe, aliyehamishiwa na wizara Mji wa Serikali, Mtumba. Anasema studio ilikuwa na maikrofoni moja na waigizaji watano. Anayeondoka nyumbani kwenye hadithi anarudi nyuma hatua kwa hatua huku akisema maneno yake, ili msikilizaji aone mlango kwa masikio. Karatasi ikichakarisha, mnaanza upya wote. Nyayo mnazitengeneza kwenye sinia la mchanga.

Sasa hayo yote anayageuza kuwa mazoezi. Aliwageuzia watoto uso ukutani na kuwaambia waseme mpaka mtu anayesonga ugali jikoni aelewe bila kuwaona. Binti yangu ana tabia ya kumeza mwanzo wa neno. Mzee alimsimamisha kwenye "hatukumwona". Akamwambia neno la Kiswahili limebeba habari yake kichwani: ukimeza hiyo "ha", aliyekaa kiti cha nyuma hajui kama mlimwona au la, na mchezo mzima umempotea. Miaka kumi na saba nimemlea mtoto yule, nikimwambia aseme kwa sauti. Kumbe sauti alikuwa nayo, shida ilikuwa silabi moja. Kulikuwa pia na kijana wa Mpwapwa aliyekuwa anajikaza kusema kama watu wa Dar. Mzee alimwambia aache, kwamba lafudhi ya Kigogo haimzibi mtu masikio, ila kujikaza ndiko kunakoziba.

Mwenye shahada nilimkosea, na ni haki niseme. Wiki mbili za kwanza aliandika ubaoni: mgogoro, kilele, mhusika mkuu, mhusika msaidizi. Watoto walisinzia. Nikajisemea, huyu ni wa karatasi tu. Wiki ya tatu nilimfuata wakati wa mapumziko nikamuuliza moja kwa moja, "Mwalimu, hii elimu umeifanyia kazi wapi?" Hakukasirika. Akaniambia idara aliyosoma ilianza 1967, na walimu wa pale, kina Penina Mlama na Amandina Lihamba, miaka ya 1980 waliondoka madarasani wakaenda vijijini, Malya huko Mwanza na Msoga upande wa Bagamoyo, wakakaa na watu, wakauliza shida zao, na mchezo ukatungwa na wanakijiji wenyewe. Yeye amekulia katika mkondo huo. Baada ya chuo alifanya kazi miaka sita na shirika moja katika vijiji vya Bahi na Chamwino, michezo kuhusu visima na kamati za maji, chini ya mibuyu, bila tiketi wala taa.

Nikamuuliza mbona hafundishi hivyo. Alinyamaza kidogo akasema alidhani wazazi wanataka nadharia kwa sababu wamelipa. Jamani. Jumamosi iliyofuata aliwapeleka watoto soko la Majengo, akawapa saa mbili wakasikilize tu, bila kurekodi kwa simu. Walirudi na igizo la muuza nyanya na mkusanya ushuru ambalo mimi, ninayepita pale kila siku, nililia. Katikati alilisimamisha akatuuliza sisi wazazi: huyu mama afanye nini sasa? Tukabishana kwa dakika ishirini. Mwalimu yuleyule wa kilele na mgogoro, na safari hii hakusinzia mtu.

Dada wa filamu nitamsema kwa kifupi. Ameigiza filamu na tamthilia za televisheni na bado anaigiza, ndiyo faida yake na ndiyo hasara yake. Katika Jumamosi nane alikosa tatu, yuko Dar anarekodi. Siku hizi kuna treni ya SGR, anaweza kuamka Dar na kufundisha Dodoma siku hiyohiyo, lakini ratiba ya kamera haimsubiri mwanafunzi. Darasa halikututangulizia taarifa hata mara moja. Tulifika, tukaambiwa leo hayupo, na muda wake ukajazwa na michezo ya kujifurahisha. Hilo ni kosa la uongozi na nimewaambia.

Hata hivyo saa moja aliyotumia wiki ya sita ilinilipa ada yote. Aliwakalisha wasichana peke yao, na kina mama tuliokuwepo, akasema mambo ambayo hayajaandikwa popote. Usiende kwenye usaili wa filamu chumba cha gesti, hata ukiambiwa mwongozaji yupo. Nenda na mtu. Mkataba usome kabla ya kuvaa nguo za uhusika, kwa sababu ukishavaa na kamera ikiwa imewashwa utaona haya kuuliza pesa. Aliyesema hivyo ameyapitia. Mtu aliyeacha kazi zamani asingejua usaili unavyofanyika mwaka huu.

Na sasa mama wa chini ya bango.

Alikuwa anapewa saa mbili kwa Jumamosi, mwishoni, watoto wakiwa wameshachoka. Mimi nilizungumza naye kwa sababu nilijitolea kushona maleba, yaani nguo za waigizaji, ya onyesho la mwisho, na nilipokuwa namzungushia futi kiunoni nikamuuliza, "Dada, wewe umefundishwa na nani?" Akacheka. Akasema hapo darasani hajaulizwa swali hilo na mtu tangu aanze.

Amesoma Bagamoyo miaka mitatu. Kwa wasiojua, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa 1981, baada ya vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo kuvunjwa, na wasanii kadhaa wa vikundi vile ndio waliogeuka kuwa walimu. Tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hivyo mama huyu amefundishwa na watu waliokuwa wakicheza kwa jina la nchi, mkono kwa mkono, kama mimi nilivyofundishwa kukata kola na mama yangu mdogo. Chuo hicho ndicho alichofundisha Hukwe Zawose, Mgogo wetu wa kijiji cha Doduma, aliyezipeleka ilimba na zeze, ala za muziki za Kigogo, duniani kabla hajafariki 2003. Wangapi hapa mjini tunamkumbuka? Mama huyu anamkumbuka. Baada ya chuo alizunguka na kikundi cha maonyesho ya mashuleni miaka kumi na moja, juu ya lori, wakilala madarasani. Na bango linasema msaidizi.

Zoezi lake la kwanza lilikuwa ndoo. Aliwapa watoto ndoo tupu, wabebe kichwani kama imejaa, wavuke ukumbi. Halafu ndoo iliyojaa kweli, wavuke kama ni tupu. Watoto wa Dodoma ndoo wanaijua, wakaona ni kazi rahisi. Akawasimamisha mmojammoja: shingo yako inasema imejaa, vidole vya miguu vinasema tupu, nimwamini nani? Binti yangu alivuka mara tisa. Ya tisa niliona maji ambayo hayakuwepo, nikanyanyua mguu nisilowe.

Wiki ya saba alikuja na kina mama wawili wa Chamwino wapigaji wa muheme. Wale wa pwani mnaosoma, muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, ngoma inabanwa kati ya mapaja na kupigwa kwa viganja. Alitaka watoto wajifunze kuingia na kutoka kwenye mchezo kwa mapigo, bila kungoja mtu awaambie. Nauli ya wale kina mama na chakula chao alitoa mwenyewe. Nimelijua hilo kwa sababu niliwasindikiza kupanda daladala.

Onyesho lilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Januari, kiingilio 2,000, ukumbi ukajaa mpaka watu wakasimama dirishani. Igizo la sokoni likiwa katikati umeme ukakatika. Giza. Mwenye shahada, aliyezoea kuonyesha mchana chini ya mbuyu, alisimama akaduwaa, na simlaumu, chini ya mbuyu hakuna umeme wa kukatika. Mzee wa redio alikuwa ametulia tu, kwake giza ni kawaida. Kutoka pembeni nikasikia viganja: mama yule ameanza mapigo ya muheme juu ya ndoo iliyogeuzwa. Watoto wakaingia mmojammoja kwa wimbo, muuza nyanya akaendelea na maneno yake gizani, kila "ha" imesikika, simu zikaanza kuwashwa kumulika. Umeme uliporudi baada ya robo saa walikuwa wamefika mahali palepale walipotakiwa kuwa.

Je, nawashauri mpeleke watoto? Ndiyo, napeleka na mimi. Ila msiangalie ukubwa wa picha. Kaeni nyuma Jumamosi moja, mwulizeni kila mwalimu alifanya nini kabla ya kusimama pale, nani alimfundisha, na mara ya mwisho alilipwa lini kwa kuigiza. Watajibu. Kwa nilivyoona walifurahi kuulizwa, na mmoja wao alibadilika kabisa baada ya kuulizwa.

Mkurugenzi nilimweleza yote haya uso kwa uso, pamoja na habari ya nauli ya kina mama wa Chamwino, ambayo anapaswa kuirudisha. Alinisikiliza na ameahidi bango jipya. Muhula mwingine unaanza Machi. Nimelipa nusu ya ada. Nusu ya pili nitaitoa wiki ya nne, nikiikuta ratiba ina mama wa Bagamoyo saa tatu asubuhi, watoto wakiwa na nguvu.