Darubini kuukuu ya inchi 8: miezi mitatu darini, Malindi

Nilinunua kwa Mwitaliano aliyekuwa akiuza vyombo arudi kwao. Shilingi 35,000, bila risiti. "Haina shida hata moja," akaniapia. Kufika nyumbani, skurubu zinazoshika kioo zimeliwa na kutu. Chumvi ya huku haina simile. Nikazilainisha kwa mafuta ya cherehani, nikatia mpya. Kidarubini cha kulengea nacho kimepasuka.

Lakini kioo chenyewe, mashallah, hakina hata mchubuko.

Nilikuwa na windo moja tu: 3C 273, katika kundi la nyota la Mashuke. Hiyo ni blaza, si lile koti la shule. Ni shimo jeusi katikati ya galaksi linalorusha mchirizi wa chembe kwa kasi inayokaribia ya nuru, na mchirizi umetuelekea sisi. Mwezi wa Machi, saa saba usiku, iko utosini kabisa, na hapo ndipo kitako cha mbao cha darubini hii kinapotesa: ikitazama juu wima, ukiisukuma pembeni inazunguka tu papo hapo. Dakika arobaini nimepiga magoti. Ami akatoka na msuli wake: "We mwana, wamtafuta nani huko?" Nikampisha achungulie.

"Hiki kidoa tu?"

"Hicho tu, ami. Nuru yake imesafiri kama miaka bilioni 2."

Akarudi kulala.

Darubini naipa nyota nne. Ya tano naizuia, ingawa kosa si lake: jicho hupata kipande kimoja cha habari, nuru ya kuonekana tu. Mawimbi ya redio ya blaza hupanda na kushuka polepole, kwa miezi au miaka, maana mengi hutoka mbali zaidi kwenye mchirizi, palipotanuka. Miale ya gama, yenye nguvu kuliko zote, huweza kupanda ghafla ndani ya dakika chache. Julai 2006 darubini za H.E.S.S. kule Namibia ziliona blaza nyingine, PKS 2155-304, ikifanya hivyo. Eksirei ndiyo hazifiki ardhini kabisa, hewa huzizuia. Ndiyo sababu setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa hapo Ngomeni kwenye jukwaa la San Marco tarehe 12 Desemba 1970, iliziona za 3C 273 ikiwa juu. Mimi nalinganisha kidoa na nyota jirani, naandika daftarini. Wiki sita sasa, sijaona tofauti ya kuiapia.

Ukienda kununua kama hii, beba bisibisi. Fungua nyuma ya kioo uone skurubu kabla hujatoa pesa.