Miti ya kuchongwa ya kwenye vyungu: ipi ununue Nairobi, ipi uiache kitaluni

Ukipita Barabara ya Ngong kuelekea Karen, au ile ya Kiambu, utaiona miti iliyokatwa kwa mkasi ikapewa umbo, imepangwa ukingoni mwa lami: mipira, pia (umbo la koni), misokoto, mpira juu ya mpira. Ukimuuliza muuzaji upi ni mzuri atakujibu, "Yote ni mizuri, madam," wala hadanganyi. Pale kitaluni, juani, ikimwagiliwa kila siku, yote ni mizuri. Taabu huanza mti ukishafika Kileleshwa ghorofa ya 6, kwenye balkoni inayopata jua kwa saa mbili tu, au sebuleni Buruburu nyuma ya pazia zito.

Kwa hivyo orodha hii sikuipanga kwa uzuri. Nimeipanga kwa maswali mawili. Mti huu ukikatwa vibaya, utachipua tena? Na mwanga ulio nao wewe utautosha? Umbo lisikutie wasiwasi, maana mpira unaweza kugeuzwa kuwa umbo la pia kwa msimu mmoja au miwili. Tawi lililokauka na lisilotoa macho (machipukizi) mapya ndilo linalokula pesa yako.

Kwanza, jua lako

Miongozo ya Ulaya husema weka chungu kwenye dirisha la kusini. Hapa ushauri huo haufai. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa digrii 1 na kitu, kwa hivyo jua la mchana huhama upande: kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba liko kaskazini, kisha hadi katikati ya Machi liko kusini. Balkoni ya kusini uliyoiona na kivuli baridi Julai, Januari inachomwa. Muulize jirani aliyekaa hapo mwaka mzima kabla hujatoa pesa. Inayotazama mashariki ndiyo bora, kwa sababu jua la asubuhi halichomi. Ya magharibi hupata jua la alasiri, na ukuta nao hurudisha joto. Februari hapo chungu cheusi cha plastiki hupika mizizi.

Kwa ndani, simama saa sita mchana mahali unapotaka kuweka mti, taa zimezimwa. Ukishindwa kusoma gazeti bila kukaza macho, nunua wa plastiki na uwe unaufuta vumbi. Sina ugomvi na wa plastiki.

Nafasi ya 1: fikasi

Nasema juu ya Ficus benjamina, yule mwenye majani madogo ya kung'aa na ncha kali, ambaye mara nyingi mashina yake matatu yamesukwa pamoja na juu kukatwa mpira. Kati ya yote ninayoyajua hapa mjini, ndio unaokubali balkoni na pia unaokubali ndani karibu na dirisha kubwa. Na ukiukata hadi kwenye tawi kuukuu la kahawia lisilo na majani, bado hutoa macho. Fundi wa bustani akikosea, baada ya miezi michache huoni kosa lenyewe.

Lawama yake kubwa ni moja: ukihamishwa, hupukutisha majani. Umeuleta Ijumaa, wiki inayofuata sakafu imejaa majani ya manjano, na hapo ndipo wengi huumalizia kwa maji. Mti usio na majani hunywa kidogo, kwa hivyo ukizidisha maji mizizi inaoza. Uache palepale, umwagilie tu udongo ukikauka, usiusogeze kila siku ukitafuta mahali "patakapoupendeza". Majani mapya hutoka baada ya wiki kadhaa. Afadhali zaidi ni kuuzoesha: wiki mbili kwenye kivuli cha nje, ndipo uingie sebuleni.

Ukikata, hutoa utomvu mweupe unaowasha ngozi za watu wengine na kuacha madoa kwenye zulia. Tandaza gunia kwanza. Na ukichoka nao chunguni, usiuhamishie ardhini karibu na ukuta au bomba la maji taka. Mizizi yake huinua saruji.

Nafasi ya 2: duranta ya manjano

Kama una jua la kutosha na pesa kidogo, hii ndiyo yako. Uzio wa nyumba nyingi Nairobi ni duranta, na mche wake mchanga wa kwenye karatasi (mfuko wa plastiki wa kitaluni) ni bei ya soda, ilhali ule uliokwisha kuchongwa mpira juu ya shina utadaiwa maelfu. Tofauti hiyo ni miaka ya kazi ya mtu, lakini ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe: chagua mche wenye shina lililonyooka, ufunge kwenye kijiti, utoe matawi ya chini kidogo kidogo, kisha ukate ncha ukifika kimo unachotaka.

Ila ujue umenunua kibarua. Mvua za Machi hadi Mei, ukikaa wiki tatu bila kuupunguza, mpira unakuwa kichaka. Kivulini rangi ya dhahabu hupotea, majani yakawa ya kijani na matawi marefu membamba. Ndani ya nyumba usiuingize kabisa. Vijitunda vyake vya rangi ya chungwa ni sumu kwa watoto na mbwa. Mti unaokatwa kila mara hutoa maua machache na hivyo matunda machache, lakini ukiyaona, yang'oe.

Nafasi ya 3: mzeituni mwitu

Huu ni upendeleo wangu, na sitauficha. Ni mti wa hapahapa, humea wenyewe Karura na msitu wa Ngong, Wakikuyu huuita mutamaiyu. Majani ni membamba, kijani cha kijivu kwa juu. Huvumilia kiu kuliko wote niliotaja, huchipua vizuri ukikatwa, na hukua polepole kiasi kwamba mikato michache kwa mwaka inatosha. Mtu anayesafiri kikazi na kumwachia bawabu chungu aununue huu.

Kwa nini basi uko wa tatu? Kwa sababu ni nadra kuukuta umekwisha kuchongwa. Utanunua mche, na kungoja miaka. Tena unataka jua; sebuleni hudhoofika.

Nafasi ya 4: boksi

Buxus ndio ule wa bustani za kifahari za Ufaransa: jani dogo, umbo safi, hauna fujo. Ubaridi wa Nairobi unaupenda, na nusu kivuli hauukatai. Hukua polepole sana, ndiyo maana wenye ukubwa wa mpira wa kandanda unakuwa na bei ya kushtua. Ukiuziwa "boksi" kubwa kwa bei ya kutupa, likague jani kwa jicho: pengine ni kichaka kingine kabisa. Majani yake ni sumu kwa mifugo na mbwa.

Nafasi ya 5: waya na mtambaazi

Fundi hukunja waya umbo la mpira, moyo au tembo, kisha mmea unaotambaa hufundishwa kuufunika, aghalabu aivi au fikasi mdogo mtambaazi. Kwa nyumba yenye mwanga wa wastani, hili ni jibu zuri kuliko mti. Adui ni utitiri mwekundu kwenye hewa kavu ya ndani. Osha majani bafuni kila baada ya wiki mbili na hutauona sana.

Nafasi ya 6: rozimeri

Harufu, kiungo cha chakula na mapambo kwa pamoja. Inataka jua kamili na udongo unaopitisha maji haraka, na usiukate ukaingia kwenye sehemu isiyo na majani, kwa sababu hapo hairudi.

Wa mwisho: saiprasi ya dhahabu

Najua ndio uliokuvutia. Ile koni nyembamba ya kijani cha ndimu, ukiipapasa inanukia limau, na Desemba hununuliwa kwa wingi kuwa mti wa Krismasi. Huchomekwa taa, huwekwa kando ya televisheni, na kufikia Februari upande uliotazama ukuta umegeuka kahawia. Kahawia hiyo haiponi. Saiprasi haitoi macho kwenye tawi kuukuu. Palipokauka pamekauka, na mkasi wowote utakaotumia utaongeza tundu tu.

Kuna na jambo la vidukari. Mwaka 1990 kidukari wa saiprasi aliingia Kenya na kukausha nyua na mashamba ya miti hiyo, na waliokuwa na nyumba Limuru na Kiambu enzi hizo wanakumbuka nyua zilizogeuka kutu. Baadaye nyigu mdogo anayewaua vidukari hao aliachiliwa na hali ikatulia, lakini mdudu bado yupo. Ukiutaka lazima, uuweke nje mwaka mzima, uzungushe chungu robo duara kila wiki, na Krismasi uuingize ndani siku chache tu.

Ukifika kitaluni

Usiangalie mti mzima kwanza. Shika karatasi au chungu na ujaribu kuinua. Kama hakitoki, mizizi imepenya chini na kuingia ardhini, na ndiyo iliyokuwa ikiulisha mti wakati huo wote. Muuzaji ataung'oa kwa nguvu, sauti ya mizizi kukatika utaisikia, na mti utakaofika nao nyumbani ni mti uliopoteza nusu ya mdomo wake. Baada ya siku nne unanyauka na wewe unalaumu maji. Chagua mwingine, au mwombe aukate mizizi, auache pale kivulini wiki tatu, ndipo uje ulipe salio.

Kisha fungua mpira kwa vidole, utazame ndani. Ndani kuwa na matawi matupu si ajabu, lakini kama majani yote ni ganda jembamba la nje na ndani ni vijiti vikavu, mti umekuwa ukinyolewa juujuu tu bila kufunguliwa mwanga. Tazama pia kwenye maungio ya matawi: wadudu weupe wenye unga hujificha hapo, na masizi meusi juu ya majani ni dalili yao. Hesabu mashina yanayotoka udongoni. Miche miwili iliyobanwa pamoja ili ionekane imejaa si mti mmoja, na bei isiwe ya mti mmoja mnene.

Bei ya kwanza si bei, hilo unalijua. Lakini usibishane juu ya mti tu. Bishana juu ya chungu. Vyungu vya saruji ni vizuri uani na vizito mno kwa balkoni, na hasa kwa mgongo wa atakayevipandisha ngazi lifti ikikwama. Ghorofani chukua plastiki nene ya rangi nyepesi, yenye matundu chini. Cha mapambo kisicho na tundu kitumie kama ganda la nje, na maji yanayotuama humo uyamwage.

Udongo, maji, mkasi

Udongo mwekundu mtupu ukikauka chunguni huwa tofali. Mweusi wa Embakasi na Athi River ni mbaya zaidi. Changanya sehemu tatu za mwekundu, mbili za mbolea ya ng'ombe iliyooza kabisa, na moja ya mchanga wa mto au vijiwe vyepesi vya volkano. Mbolea ya dukani, kama NPK 17:17:17, ni nusu kijiko cha chai kwa chungu cha wastani mwanzo wa mvua, mbali na shina, basi.

Maji: ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka. Siku za mgao, maji uliyooshea mchele au mboga yanafaa. Yenye sabuni nyingi au dawa ya kutakatishia nguo hayafai. Maji ya kisima kirefu kwenye maghorofa mengi yana chumvi, na utaiona kwenye kingo za majani zilizoungua. Kinga maji ya mvua mara moja moja, umwagilie hadi yatoke chini, uoshe udongo.

Mti hapa haulali kama wa Ulaya, hupunguza tu mwendo kwenye baridi ya Juni hadi Agosti. Mikato mikubwa ifanye mvua zikianza, midogo wakati wowote, lakini si mchana wa Januari, kwa sababu majani ya ndani yaliyofunuliwa ghafla huungua. Umbo la pia liwe pana chini kuliko juu ili jua lifike kote. Mkasi uwe mkali na ufutwe kwa spiriti kati ya mti na mti.

Kununua, miezi mizuri ni Aprili na Novemba, mvua ikiwa imekolea na mti una nguvu ya kujijenga upya. Na siku ya kuubeba, nenda na neti au shuka kuukuu. Pikapu ikishika kasi barabarani, upepo hukausha majani ndani ya nusu saa kuliko jua la siku nzima. Dereva ukimwambia aende pole ataitikia, "Sawa mkubwa," na kwenda vilevile, kwa hivyo ufunike na kuufunga kabla hajawasha gari.