Draya ya nguo kwa nyumba za Nyanda za Juu: uliza kwanza maji yanakwenda wapi

Tangu mvua zianze napokea malalamiko yaleyale, mengi kutoka Tukuyu, Uyole na Njombe. Watu wamenunua draya, nguo zinakauka vizuri tu, lakini dari ya jipsamu imeota madoa meusi, ukuta wa chumba cha watoto unatoa jasho, na mashuka kabatini yananuka uvundo kuliko enzi za kuanika kibarazani. Mama mmoja kaniuliza kama fundi wake alimpakia rangi mbovu. Mwache fundi, dada yangu. Mchawi ni draya.

Chukua nguo za kilo 7: mashuka, jinzi, masweta ya shule. Zikitoka kwenye mashine ya kufulia inayokamua kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, bado zimebeba kama lita 4 za maji. Draya haiyamalizi maji hayo, inayahamisha. Yanahamia wapi? Hilo sijasikia mteja akiliuliza, si Mwanjelwa, si Kabwe, hapa Mbeya. Wanauliza kilo, rangi, na kama mlango una kioo. Hayo yameandikwa kwenye boksi, sitayapotezea muda.

Draya ya bomba ndiyo inayoongoza kwa malalamiko. Hupuliza hewa ya moto yenye mvuke kupitia bomba nene la nyuma, na bomba hilo lazima litoke nje kwa tundu la ukutani. Nyingi zinazofika huku ni za mtumba, na bomba lilishapotea njiani. Muuzaji anakuapia kwamba "hii haihitaji bomba." Inahitaji! Bila bomba, lita 4 zinabaki chumbani kila unapokausha, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai, madirisha yote yamefungwa, mvuke unagota kwenye dari na kugeuka maji. Pamba za vumbi la nguo nazo zinatapakaa kila mahali. Kama nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, hii usiiguse.

Mashine ya mbili kwa moja, inayofua na kukausha, naiweka juu kidogo tu ya hiyo. Soma namba zote mbili: inayofua kilo 8 mara nyingi hukausha 5, kwa hiyo kilo 3 utazitoa zikiwa mbichi zisubiri zamu. Jambo ambalo dukani halisemwi ni kwamba nyingi hutumia maji ya bomba kupoza mvuke wakati wa kukausha. Yaani maji yakikatika mtaani, hata kukausha kunakwama.

Draya ya kondensa ya kawaida inaupoza mvuke ndani yake na kuyakusanya maji kwenye tenki unalolivuta kama droo. Ukuta unapona, mfuko haupo salama. Draya hizi, sawa na zile za bomba, hula wati 2,000 na zaidi, na mzigo wa kilo 7 huchukua takriban uniti 4 za umeme. Ukausha mara nne kwa wiki, mwezi unaisha umekula karibu uniti 70 kwa nguo peke yake. Aliye kwenye D1, kundi la TANESCO la matumizi madogo ya nyumbani, anajua maana yake: zile uniti 75 za bei nafuu karibu zote zimeisha kabla hujawasha friji. Kwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, ambako uniti moja na makato yake tumezoea kuilipia kama Sh 356, mzigo mmoja ni zaidi ya Sh 1,400.

Ndiyo maana nasimama na draya ya pampu ya joto. Ina kompresa kama ya friji, joto linazungushwa humohumo badala ya kutupwa, na mzigo uleule huchukua uniti 2 au pungufu. Maji yanaingia kwenye tenki, au unaunganisha mpira mwembamba hadi kwenye sinki. Usiyanywe, lakini kupigia deki yanafaa sana.

Ya kwanza kwangu ni Bosch, na sijifichi, mimi ni mtu wa Bosch. Modeli zake nyingi zina kondensa, yaani sehemu ya kupozea mvuke, inayojisuuza yenyewe kwa maji yaliyotoka kwenye nguo. Kondensa ikijaa vumbi, draya inakausha polepole na umeme unapanda, na kwa kweli nani kwetu hupiga magoti kila mwezi kuisafisha? Ya pili ni LG ya pampu ya joto. Ni nzuri, nayo ina modeli za kujisafisha, ila moyo wangu haupo huko. Chujio la mlangoni utalisafisha mwenyewe kila mara, hata kwa Bosch.

Pampu ya joto nayo ina udhaifu wake huku kwetu: haipendi baridi. Vitabu vya maelekezo vingi husema isitumike chini ya nyuzi 5. Makete kuna jalidi, kwa hiyo ukiiweka stoo ya nje usiku wa Julai utaiona inazunguka bila faida. Iweke ndani, ichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni ya kuungaunga.

Kwa bajeti ndogo, nunua spina ya kukamulia na uanike varandani penye upepo. Jiko la mkaa chumbani kukaushia nguo, hapana, linaua.

Sasa bei. Maduka yanaweka picha mtandaoni halafu "bei njoo inboksi." Ukifika dukani unakaguliwa viatu kwanza. Ukiuliza waranti unaambiwa ipo, mashine ikigoma unaambiwa uipeleke Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, kwa nauli yako. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako kwa nguo mbichi, dakika 20 zinatosha kuona kama maji yanaanza kuingia kwenye tenki. Akikataa, toka. Akikubali, hakikisha risiti ina jina kamili la modeli, maana "draya nyeupe 1" haitakusaidia kwa yeyote.