Weksitesheni imezeeka: ununue kinanda kipi sasa?

Kinanda changu ni weksitesheni, yaani kinanda chenye sauti nyingi na uwezo wa kupanga wimbo mzima ndani yake. Nilikinunua mwaka 2009 kikiwa kimeshatumika. Siku hizi skrini yake inasomeka ukiimulika kwa tochi ya simu huku umeinamisha shingo upande wa kushoto. Ufunguo mmoja wa sol katikati umesahau kunong'ona: ukiugusa kwa kidole kidogo unapayuka kama umeupiga ngumi. Vijana wa kwaya wameshazoea. Kabla ya wimbo wa sadaka mmoja wao husogea na simu yake, ananimulikia, nami naitafuta ogani.

Ukifika hapo unakwenda Kariakoo kuulizia bei. Nami nilikwenda. Muuzaji akanionyesha kinanda kipya, akaniambia, "Kaka, humu kuna sauti zaidi ya elfu mbili." Nikarudi nyumbani na hizo elfu mbili kichwani, nikachukua daftari na kuandika kila sauti niliyoitumia kwa miezi miwili, kanisani na kwenye harusi tatu. Zilitoka kumi na moja. Piano mbili, piano ya umeme, ogani ya Hammond, ogani ya kanisa, nyuzi, kwaya ile ya "aaa", tarumbeta, gitaa safi la seben, besi, na kengele moja anayoipenda mwalimu wa kwaya peke yake. Sikwensa, ile sehemu ya kurekodi na kupanga nyimbo ndani ya kinanda, ambayo ndiyo iliyonifanya nikinunue kile kinanda, sikumbuki mara ya mwisho niliigusa lini. Nyimbo nazitengenezea kwenye laptopu.

Lifanye zoezi hilo kabla hujatoa hata shilingi. Mpangilio ulioko hapa chini ni wa mtu ambaye daftari lake linafanana na langu: anapiga na bendi au kwaya, anabeba kinanda mwenyewe, na umeme wa kwao hauaminiki. Daftari lako likisoma tofauti, cha tatu au cha nne kinaweza kuwa cha kwanza kwako.

Cha kwanza: Yamaha MODX au MODX+

MODX ilitoka mwaka 2018, ikafuatiwa na MODX+ mwaka 2022. Ukimpigia mtu ibada ya saa mbili utaelewa kwa nini nimeiweka juu. Vinanda vya zamani vina tabia moja inayoudhi: ukishikilia nyuzi mwisho wa ubeti, kisha ukabonyeza kuchagua ogani, nyuzi zinakatika papo hapo kama mtu kazima swichi. Ndiyo maana wengi wetu tuna ujanja wa kuacha mkono wa kushoto kwenye besi wakati wa kubadilisha. Kwenye MODX, kwa sauti zilizoundwa kwa sehemu zisizozidi nne, ukibadilisha, zile za mwanzo zinaendelea hadi uinue mkono, na mpya inaingia juu yake. Kuna pia ukurasa ambamo unazipanga sauti zako za Jumapili kwa mfuatano wa ibada. Zangu kumi na moja zinaenea kwenye skrini moja au mbili na nafasi inabaki.

Uzito nao. Motif XF6, weksitesheni ya Yamaha ya mwaka 2010, ina takriban kilo 15. MODX6 ina kilo 6.6 na MODX7, yenye funguo 76, ina kilo 7.4. Anayepanda bajaji na kinanda magotini hahitaji maelezo zaidi. MODX8 yenye funguo nzito za piano inafika karibu kilo 14, kwa hiyo iwe ya mtu mwenye gari au mwenye kijana wa kumsaidia.

Sauti za piano ya umeme zimo kwa njia mbili, kwa kurekodiwa na kwa FM, yaani sauti inayotengenezwa kielektroniki bila kurekodiwa, ule ufundi wa kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983 uliotawala muziki wa miaka ya themanini. Waya mmoja wa USB unapeleka sauti na midi (taarifa za noti ulizopiga) kwenye kompyuta. Na kama unatoka kwenye Motif XF, sauti ulizozihangaikia zinaweza kupakiwa humu. Nyimbo ulizozipanga hazihami kwa njia hiyo.

Kasoro zake zipo. Ukibonyeza ufunguo kwa nguvu zaidi baada ya kuupiga, hautambui chochote. Plastiki yake ni nyepesi, hivyo nunua begi lenye sponji nene siku hiyohiyo. Kubwa zaidi ni kwamba sikwensa yake haikuachii uingie kurekebisha noti moja moja. Mtu aliyekuwa akijenga wimbo mzima ndani ya Motif, ngoma hadi vinanda vya nyuma, atajiona amenyang'anywa chombo cha kazi. Huyo aende moja kwa moja kwenye cha tatu.

MODX6 iliingia sokoni Marekani kwa takriban dola 1,300. Iliyotumika ni nafuu zaidi, na kwa kazi hii sioni sababu kubwa ya kulipia alama ya kujumlisha.

Cha pili: hichohicho ulichonacho

Najua umekuja kununua. Lakini magonjwa mengi ya kinanda cha miaka ishirini yana tiba isiyofika hata robo ya bei ya kipya. Ufunguo unaopayuka mara nyingi ni uchafu, au uchovu wa ule utepe wa mpira wenye vidoa vyeusi chini ya funguo. Skrini iliyofifia kwa modeli zilizouzwa sana hupatikana ukiagiza. Kinanda kinachosahau mipangilio kila kikizimwa, mara nyingi ni betri ndogo ya duara, CR2032, iliyokufa kimyakimya ndani. Bei yake haifiki nauli ya kwenda kuinunua. Na kile kinachokula flopi, zile diski za zamani, kinaweza kufungwa kifaa kinachochukua nafasi ya kisomeo, ukachomeka flashi badala yake.

Fundi wangu alifungua changu mbele yangu. Kwanza alipiga picha kila alipotoa skrubu, kwa kuwa chini kuna skrubu zaidi ya thelathini na hazilingani urefu. Alipoinua funguo tulikuta pini mbili za nywele, punje za mchele na sarafu ya shilingi 50. Akasafisha utepe wa mpira kwa spiriti, taratibu, kwa kijiti cha pamba, pasipo kusugua vile vidoa vyeusi. Sol ikarudi. "Mzee hajafa huyu," akasema, "alikuwa na vumbi."

Kuna mpaka, lakini. Bodi kuu ikiungua, au funguo zikianza kuvunjika moja baada ya nyingine, acha. Hapo unamlipia fundi ada ya shule ya watoto wake.

Cha tatu: Roland Fantom-0

Hii ni Fantom 06, 07 na 08 za mwaka 2022, usizichanganye na Fantom 6, 7 na 8 za mwaka 2019 ambazo ni ghali na nzito zaidi. Sifuri hiyo mbele ya namba imewakosesha watu pesa.

Ni ya mpangaji wa nyimbo. Sikwensa ina njia 16, ina padi 16 za kupigia ngoma au kurushia vipande vya sauti, na unaweza kupanga ngoma hatua kwa hatua kama zilivyopangwa kwenye mashine za zamani za Roland. Skrini ni ya rangi na ya kugusa. Kubadilisha sauti bila kukata inaweza pia. Bei yake ya kuanzia, dola 1,500 hivi kwa 06, ilikuwa juu kidogo ya MODX6.

Kwa nini basi iko ya tatu? Ni sikio tu. Piano zake zinanipendeza nikiwa peke yangu, ila bendi ikianza naona za Yamaha zinapenya vizuri zaidi katikati ya gitaa na matoazi. Mpiga kinanda mwingine atakuapia kinyume, naye atakuwa sawa.

Cha nne: kinanda cha midundo

Kama unapiga harusi peke yako, wewe na mwimbaji na spika mbili, sahau niliyoyasema hadi hapa. Weksitesheni haitakupigia ngoma, besi na gitaa kwa kufuata kodi (noti zinazopigwa pamoja) za mkono wa kushoto. Yamaha PSR-SX900 ya mwaka 2019 na Korg Pa700 ya mwaka 2017 ndizo ningezitazama kwanza. Zote zina funguo 61, na spika zake ndani zinatosha mazoezi ya sebuleni. SX900 ilishapata mrithi, SX920, mwaka 2024, jambo linalosaidia bei ya mkono wa pili.

Midundo ya kiwandani imejaa polka na walsi. Seben, mchiriku na zouk utazitafuta kwa wenzako au utazitengeneza. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kati ya Yamaha na Korg, uliza wapiga harusi wa mji wako wanatumia nini, maana midundo ya huku haiingii kule hivihivi. Jirani mwenye kinanda kama chako ana thamani kuliko kitabu cha maelekezo.

Anayepiga taarabu ana swali lake mwenyewe: kinanda kinashushaje noti moja robo ya sauti, na kwa haraka gani? Korg za Pa zinajulikana kwa hilo, na Yamaha walitoa PSR-A5000 yenye sauti na midundo ya Kiarabu. Jaribu ukiwa dukani: shusha mi kwa robo, kisha irudishe wimbo ukiendelea. Kama imekulazimu kupita kurasa tatu, mbele ya watu utaumbuka.

Cha tano: laptopu na kinanda kisicho na sauti

Hapa sauti zote zinatoka kwenye laptopu; kinanda kinatuma noti tu. Kwa studio hii ingekuwa ya kwanza, wala hapana ubishi. Mwenye Mac ananunua programu ya MainStage kwa dola 30 na kupata sauti za kumtosha. Jukwaani mimi naiogopa. Joto la Dar, vumbi, mtoto anayekanyaga waya, sasisho linaloanza katikati ya sala. Kama laptopu yako ni ya Windows, nunua pia kadi ya sauti ya nje yenye programu yake. Bila hiyo unabonyeza sasa na noti inakuja baadaye.

Cha sita: Korg Nautilus

Ni nzuri kuliko zote nilizozitaja, na naiweka mwisho. Ilitoka mwishoni mwa mwaka 2020 ikiwa na injini tisa za sauti, yaani njia tisa za kuitengeneza, urithi wa kinanda chao cha Kronos cha mwaka 2011, na piano yake inakufanya usahau kupika. Lakini ya funguo 61 ilianza kwa dola 2,000 hivi, ni nzito, na ikizimwa huchukua zaidi ya dakika moja kuwaka. Hebu fikiria umeme umekatika katikati ya pambio, jenereta imewashwa, ngoma zimesharudi, na wewe unatazama maandishi ya kukaribisha. Ukiichukua, chukua na UPS.

Kuna pia Korg Kross 2, inayotumia betri sita za kawaida za AA, na Roland Juno-DS61 inayotumia nane. Sauti zake ni za kawaida. Ila umeme ukikatika, wao ndio wanaoendelea kupiga, na kwa mikutano ya nje ya mji nisingekidharau kimoja wapo kama kinanda cha akiba.

Ukishachagua

Kama ni cha mkono wa pili, kabla ya kukichomeka soma maandishi yaliyo nyuma karibu na tundu la umeme, au kwenye adapta. Vinanda vilivyotengenezewa soko la Japani mara nyingi ni vya volti 100, vya Marekani 120, na ukutani kwetu kuna 230. Kijana wa kwaya ya jirani alichomeka chake akiwa na furaha ya kitu kipya. Kilitoa mlio mmoja mfupi na harufu ya nywele zilizoungua, basi.

Kikiwaka, chagua piano, piga kila ufunguo mara mbili, kwa upole kisha kwa nguvu. Zote 61. Muuzaji akikuharakisha, anza upya kutoka chini. Sukuma kila kirekebisha sauti ukisikiliza mikwaruzo, na tikisa waya kwenye tundu la kutolea sauti. Pedali yako ya zamani ikifanya kazi kinyume, yaani sauti inavuma ukiiachia, usimgombeze mtu: zima kinanda, wacha mguu mbali na pedali, washa tena. Nyingi zinajirekebisha.

Na kile cha zamani usikiuze kabla hujatoa nyimbo zako zote kwa mfumo wa midi wa kawaida na kuzinakili sehemu mbili. Zilizobaki kwenye flopi zinakili wiki hii. Zangu nne kati ya kumi hazikusomeka, na moja wapo ilikuwa na wimbo wa harusi ya dada yangu.