Nyanya za soko la Kongowea, Mombasa: kuosha au kumenya?

Tazama nyanya pale kwenye kikonyo: mara nyingi pana vumbi jeupe, dawa ya ukungu aliyonyunyiza mkulima, ikakauka. Hilo linatoka kwa maji ya mfereji na kidole, na kwa kachumbari ya watu wazima mimi naishia hapo. Kumenya (chovya kwenye maji moto, ganda libambuke) kunatoa zaidi, maana dawa nyingi hung'ang'ania ganda. Ila dawa inayofyonzwa na mmea imeshaingia ndani. Hapo njia zote mbili hazifui dafu. Ya mtoto namenya. Hatari hupimwa kwa kiasi cha dawa kwa kila kilo ya mwili: mtoto wa kilo 10 akila nyanya ileile, dozi yake ni mara 6 ya mama wa kilo 60. Sabuni? Achana nayo.